Kuchagua Matandiko Mepesi kwa Hija ya Miguu Kwenda Ndanda

Mtu anayejiandaa kwa hija ya miguu hushughulika kwanza na viatu, na hakosei, kwa sababu mguu ukichubuka safari imekwama. Hata hivyo kuna jambo la pili ambalo wengi huliacha hadi jioni ya kuamkia safari, nalo ni matandiko. Hapo ndipo unapomwona mwanakwaya mwenye afya njema amefunga blanketi zito la kitandani juu ya begi lake kwa kamba ya katani, huku mwenzake akiwa hana chochote isipokuwa khanga moja, kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto. Wa kwanza ataanza kulalamika mgongo kabla hawajavuka Mikindani. Wa pili atakesha akijikunja kwenye sakafu ya darasa, na asubuhi atatembea akisinzia kando ya barabara yenye malori. Hujaji asiyelala hasali vizuri wala hatembei salama, na ndiyo maana naona matandiko yanastahili kufikiriwa mapema kama viatu.

Nimewaandikia hasa waumini wa Mtwara na Lindi wanaopanga kutembea kwa vikundi hadi Ndanda, mahali ambapo Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1906, kwa barabara inayopita Mnazi Mmoja, Mtama na Nyangao. Anayetoka Mtwara mjini ana zaidi ya kilomita 100 mbele yake, kwa hiyo atalala njiani siku kadhaa: leo kwenye ukumbi wa parokia, kesho kwenye darasa la shule ya msingi, keshokutwa kwenye baraza ya kigango kisicho na mlango. Hakuna anayeweza kumhakikishia kitanda, wala godoro, wala hata sakafu kavu. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba matandiko ya safari kama hii yachaguliwe kwa kuifikiria saa kumi alfajiri na sakafu ya saruji, wala si jua la saa saba mchana linalotufanya sote tuamini kwamba baridi ni habari ya watu wa Njombe.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaoamua mengine yote. Watembeaji wa safari ndefu wana kipimo kinachofahamika sana, kwamba mzigo wa mgongoni usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ana ruhusa ya kilo 6, na lita mbili za maji peke yake zimekwisha kuchukua kilo 2. Ukiongeza nguo ya kubadilisha, sabuni, dawa, tochi, rozari, kitabu cha nyimbo na kitu kidogo cha kutafuna njiani, utaona kwamba kilichobaki kwa ajili ya matandiko ni kilo moja na nusu, na humo humo chandarua nacho kinahesabiwa. Blanketi la kawaida la kitandani huweza kupita kilo 2 likiwa kavu, na likinyeshewa halibebeki. Kabla ya kuamua chochote, peleka vitu vyako kwenye duka lenye mizani, uviweke kimoja kimoja, na uandike uzito wa kila kimoja kwenye karatasi. Mwenye duka atakushangaa kidogo, lakini ukitoka hapo utakuwa unajua unachobeba.

Jambo la pili ni majira. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na huku kusini wakati huo mvua zinaelekea ukingoni bila kuwa zimekwisha, hewa ni nzito, usiku una joto na mbu ni wengi. Anayetembea siku za Kwaresima anahitaji kitu chepesi cha kujifunika, chandarua kizuri na kinga ya mvua, basi. Lakini kundi linalolenga sikukuu ya Mtakatifu Benedikto, Julai 11, au ile ya Kupalizwa Bikira Maria, Agosti 15, linatembea wakati wa kusi, ambapo mchana jua linawaka na usiku mbingu haina wingu, na ardhi hupoteza joto lake lote kabla ya mapambazuko. Mwili uliotembea kilomita 25, ukatoka jasho na kula kidogo, huhisi baridi hiyo kuliko mwili uliokaa nyumbani. Na kama kundi litaunganisha safari hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, lijue kwamba kila mnapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na upepo wa kule juu hauna huruma.

Kitu cha chini ndicho cha kwanza

Wengi wanapofikiria baridi hufikiria kitu cha kujifunika, ilhali kwenye sakafu ya saruji baridi kubwa inatoka chini. Saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha, na mablanketi mawili juu hayatakusaidia ikiwa mgongo wako umetenganishwa na sakafu kwa kitambaa tu. Kwa hiyo fedha na uzito wako wa kwanza viende kwenye kitu cha kulalia.

Mkeka wa ukindu tunaupenda wote, na nyumbani sina cha kuulinganisha nao, lakini kwa safari hii siupendekezi. Ni mzito kuliko unavyodhaniwa, ukikunjwa ni mrefu na hunasa kwenye vichaka na kwenye mabegi ya wenzako, na ukilowa huchukua muda kukauka na kuanza kunuka. Mkeka wa plastiki ni mwepesi zaidi na haushiki umande, ila hauzuii baridi, kwa hiyo hautoshi peke yake.

Ninachokipendekeza kinapatikana kwa mafundi wa makochi, ambao hukata sponji kwa kipimo unachotaka. Mwombe fundi kipande chenye upana wa sentimita 50 hadi 60, unene wa inchi moja, na urefu wa kutoka mabegani hadi magotini pako, ambao kwa watu wengi ni kama sentimita 120. Kipande hicho hakifiki nusu kilo ikiwa sponji si ile nzito ya makochi ya kifahari. Huna haja ya urefu wa mwili mzima, kwa sababu sehemu zinazoumia na kupoa ni mabega, nyonga na kiuno. Miguu utaiweka juu ya begi lako lililokwisha kutolewa vitu, na kuiinua kidogo namna hiyo kunaipunguzia uvimbe wa siku nzima. Kabla ya kununua, ikandamize sponji kwa kiganja kwa nguvu zako zote kisha uachie: ikirudi mara moja, ichukue, lakini ukihisi sakafu kupitia mkono wako, itakuwa bapa kabla hujafika Mtama.

Sponji ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kunywa maji. Ikilowa imekwisha kazi kwa usiku huo. Tafuta kiroba kitupu cha unga au cha sukari, kipasue upande mmoja na chini ili kiwe turubai dogo, na ukitandike chini ya sponji kila unapolala. Mchana kiroba hicho hicho kinaifunga sponji kwa nje. Magunia ya katani yanayobaki baada ya msimu wa korosho yasikushawishi, kwa kuwa ni mazito, yanawasha ngozi na yanashika unyevu. Ukikuta boksi kubwa la katoni mahali mnapolala, omba ulitandike chini ya kiroba, kwani katoni huzuia baridi vizuri ajabu na asubuhi unaliacha hapo hapo bila kulibeba.

Khanga ikishonwa vizuri

Kwa kujifunika, kitu ninachokiamini zaidi kwa miezi ya joto ni mfuko wa kulalia ulioshonwa kwa doti moja ya khanga. Khanga tunazo, zinakauka upesi, hazina uzito, na mfuko una faida ambayo shuka lililo wazi halina: hauchomoki usiku ukigeuka, unamsitiri mtu anayelala kwenye ukumbi wenye watu wengi, na unakutenganisha na godoro la wageni ambalo hujui lini lilianikwa mara ya mwisho.

Namna ya kuushona ni rahisi, na fundi cherehani yeyote ataumaliza huku ukisubiri. Doti huja ikiwa khanga mbili zilizoshikana. Zitenganishe, uzilaze sambamba, kisha uziunge kwa zile kingo zake ndefu. Sasa una kitambaa chenye urefu wa zaidi ya mita mbili na upana wa mita moja na nusu hivi. Kikunje katikati kwa urefu, ili upana ubaki kama sentimita 75, ushone chini kote, kisha ushone ubavu kuanzia miguuni hadi usawa wa kiuno tu. Sehemu ya juu iachwe wazi, kwa sababu mtu mzima anahitaji nafasi ya kuingia bila kuchana mshono, na pia anahitaji kutoa mikono joto linapozidi. Mwambie fundi atumie mshono mrefu usiobana, maana baada ya hija utaufumua na khanga zako zitarudi kuwa khanga. Mwenye mwili mpana aongeze kipande cha kitambaa ubavuni, asijibane usiku kucha kwa kuogopa gramu chache.

Doti nzima ikishonwa hivyo haizidi nusu kilo kwa vyovyote. Kitenge kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo, lakini kizito chake huchelewa kukauka, na katika safari ya siku kadhaa kukauka ni jambo la lazima: mfuko unaofuliwa saa kumi jioni uwe mkavu wakati wa kulala.

Miezi ya kusi inahitaji tabaka la pili juu ya mfuko huo. Hapo mimi ningechukua shuka la Kimasai lile jembamba, ambalo halinywi maji kama pamba na linaendelea kutoa joto hata likiwa na unyevu kidogo, tena alfajiri linakuwa vazi la kujitanda wakati wa sala ya pamoja kabla ya kuanza kutembea. Wanaopenda kupekua mitumba wanaweza kubahatika na begi la kulalia lenye zipu, na si vibaya kulichukua ikiwa ni jepesi na zipu yake inafunguka hadi chini, maana kwa usiku wetu utalifungua lote na kulitumia kama blanketi. Likunje na ulipime kwanza, kwani mengi yanayofika sokoni yametengenezwa kwa nchi za theluji na yatakuchosha bure. Mto usibebe kabisa. Nguo zako za kubadilisha zikiviringishwa ndani ya fulana zinatosha.

Chandarua si cha kuachwa nyumbani

Nasema hili kwa msisitizo, kwa kuwa nimesikia watu wazima na akili zao wakisema kwamba usiku wa hija mtu analindwa. Mikoa yetu ya kusini ina malaria, na hujaji anayelala kwenye ukumbi usio na wavu wa madirisha, karibu na mashimo ya maji na mashamba ya mpunga, yumo hatarini kuliko akiwa kwake. Homa huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo wengi huugua wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani na hawaihusishi na safari.

Chandarua chenye dawa cha polista kina uzito wa takribani nusu kilo, ni laini na kinakunjika kuwa kidogo. Vile vya nyuzi ngumu za plastiki hudumu, lakini hujaza begi. Kuhusu umbo, cha mviringo kinahitaji kamba moja tu ya kuning'inizia, na hilo linakifaa sana mahali penye kenchi iliyo wazi au tawi. Cha pembe nne kinahitaji sehemu nne za kufunga, lakini kinaacha nafasi zaidi, na watu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kulala ndani yake na kugawana uzito njiani. Kwenye darasa, pembe mbili zifungwe kwenye nondo za dirisha na mbili nyingine kwenye miguu ya madawati yaliyopandishwa juu ya mengine, kwa hiyo beba kamba nne za katani au za nailoni zenye urefu wa mita mbili kila moja. Ukingo wa chini wa chandarua uuchomeke chini ya sponji pande zote, kwa sababu kwenye sakafu hakuna godoro zito la kuubana, na mbu hahitaji mlango mkubwa. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida, ukianike kivulini ili jua lisiharibu dawa, na maji ya kufulia usiyamwage mtoni, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki.

Kuna tahadhari moja ya huku kwetu ambayo miongozo ya mahali pengine haitakutajia. Kuanzia Juni wakulima wetu hupulizia korosho salfa ya unga kuzuia ubwiri unga, mara nyingi asubuhi na mapema wakati majani yana umande. Ukilala chini ya mikorosho au kuanika shuka lako juu ya matawi yake katika majira hayo, unga ule hukaa kwenye nyuzi na usiku unaofuata utawashwa macho na shingo. Tafuteni mwembe, au anikeni kwenye kamba mbali na shamba, na muulizeni mwenyeji kabla ya kufunga chochote.

Kufunga, kuanika na kukagua

Matandiko yote yafungwe ndani ya nailoni kabla ya kuingia kwenye begi, hata kama mbingu ni nyeupe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini nailoni nzito inayouzwa kwa kukatwa kwa mita ipo madukani, na mita moja na nusu inatosha kuviringisha mfuko wa khanga, shuka na chandarua pamoja. Viweke chini kabisa ya begi, kwa kuwa hutavihitaji hadi jioni. Mnapopumzika mchana, vitoe vyote na uvitandaze juani kwa nusu saa, kwani jasho la usiku lililobaki kwenye kitambaa ndilo linalokufanya uhisi baridi usiku unaofuata. Kabla ya kulala na kabla ya kukunja, kung'uta kila kitu kwa nguvu: nge na tandu hupenda mikunjo yenye joto. Na ukirudi nyumbani usiingize matandiko chumbani kabla ya kuyafua kwa maji ya moto na kuyapiga pasi, hasa kwenye mishono, ambako kunguni hujificha.

Kwa makundi yenye gari la kusindikiza, kishawishi ni kubeba magodoro. Binafsi ningeshauri gari libebe maji, chakula na wagonjwa, na kila mmoja abebe matandiko yake, maana gari likiharibika au likichelewa kundi zima linakosa pa kulala.

Wapo pia wachache wanaojiwekea akiba kwa ajili ya Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa na kwenda hadi Santiago de Compostela nchini Hispania, umbali wa kilomita 780 hivi, ambayo watu wengi huitembea katika majira ya machipuko, Aprili na Mei. Kwao hesabu inageuka. Kule hujaji hulala kwenye hosteli zenye vitanda vya dabodeka na magodoro, kwa hiyo sponji na chandarua vibaki Mtwara. Lakini usiku wa Aprili milimani hukaribia kuganda, theluji si ajabu, na blanketi halipatikani kila hosteli. Nunua begi la kulalia lisilozidi kilo moja, na unaposoma nyuzi za baridi zilizoandikwa kwenye lebo, fuata ile namba ya kulala kwa starehe, usifuate ya kikomo, kwa sababu mtu wa pwani yetu hakuzoea kikomo cha mtu yeyote. Lililojazwa manyoya ya bata ni jepesi kuliko yote, ila likilowa halitoi joto, na mkoa wa Galicia mwishoni mwa njia una mvua nyingi; lenye nyuzi za polista ni salama zaidi kwa mwanzo. Mfuko wa khanga nenda nao. Utauvaa ndani ya begi la kulalia, utakuongezea joto, na utakukinga na kunguni ambao nao kule wapo.

Wiki moja kabla ya kuondoka, lala usiku mmoja nyumbani kwako kwenye sakafu tupu, juu ya kiroba na sponji yako, ndani ya mfuko wako, chandarua kikiwa kimefungwa kwa zile kamba nne, dirisha likiwa wazi. Ukiamka saa kumi kwa baridi, ongeza shuka. Ukiamka kwa maumivu ya nyonga, rudi kwa fundi wa makochi ukachukue sponji nene kidogo. Na kama kuna kitu ulichokibeba ambacho usiku huo hukukigusa, kipime tena, kisha ukirudishe kabatini.